Ushirikiano wa nchi za Afrika zenye mafuta na nafasi ya Simiyu

Na Mwandishi Wetu

MKOA wa Simiyu unafahamika zaidi kwa pamba kuliko kwa zao au rasilimali nyingine yoyote. Ulianzishwa rasmi mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza, na makao makuu yake yakawekwa mjini Bariadi. Una wilaya tano, ambazo ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 iliukuta na wakazi zaidi ya milioni 2.1, wengi wao wakiishi kwa kilimo na ufugaji.

Hata hivyo, katika miaka ya karibuni jina la mkoa huo limeanza kutajwa katika mazungumzo ya aina nyingine kabisa, yaani mazungumzo ya mafuta. Sababu ni bonde la Eyasi-Wembere, ambalo linagusa mikoa kadhaa ikiwamo Arusha, Singida, Tabora, Shinyanga na Simiyu, na ambamo Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) limekuwa likifanya utafiti wa mafuta na gesi. Kwa upande wa Simiyu, eneo linalohusika ni Wilaya ya Meatu, iliyo kusini mwa mkoa.

Utafiti huo umezaa maswali mengi vijijini na mijini. Je, mafuta yakipatikana, bei ya petroli mjini Bariadi itashuka? Nchi nyingine za Afrika zilizotangulia zimenufaika vipi? Na je, nchi hizo zinashirikiana, au kila moja inajitafutia soko lake? Makala haya yanaeleza historia ya ushirikiano huo, mafanikio na mapungufu yake, na kile ambacho mwananchi wa Simiyu anapaswa kukifahamu kabla ya kujenga matumaini makubwa.

Kutoka pamba hadi mafuta

Tatizo la msingi la nchi za Afrika zinazochimba mafuta si geni kwa mkulima wa Kanda ya Ziwa. Mkulima wa pamba hulima, hupalilia na kuvuna, lakini bei ya zao lake hutegemea soko la dunia ambalo yeye hana sauti ndani yake. Sehemu kubwa ya pamba husafirishwa nje ikiwa nyuzi ghafi, kisha hurudi ikiwa vitambaa na nguo kwa bei ya juu mara nyingi zaidi.

Ni hali hiyo iliyowasukuma wakulima wa kanda hii kuungana katika miaka ya 1950. Mwaka 1955 vyama vyao viliunda shirikisho lililojulikana kama Victoria Federation, chini ya uongozi wa Paul Bomani, ili wapime na kuuza pamba yao kwa pamoja badala ya kila mmoja kukabiliana na mnunuzi peke yake.

Mafuta nayo yana mkasa unaofanana. Kwa miongo kadhaa Nigeria, mzalishaji mkubwa wa mafuta ghafi barani Afrika, ilikuwa ikiuza mafuta ghafi nje na kuagiza petroli iliyosafishwa kwa ajili ya magari yake. Hali hiyo ilianza kubadilika mwaka 2024, baada ya mtambo wa kusafishia mafuta wa Dangote, wenye uwezo wa mapipa 650,000 kwa siku, kuanza uzalishaji karibu na jiji la Lagos. Kidole kimoja hakivunji chawa, na nchi za Afrika zenye mafuta zililitambua jambo hilo mapema, ingawa kulitekeleza kumechukua muda mrefu.

Chimbuko la APPO

Chombo kikuu cha ushirikiano huo kilizaliwa mjini Lagos, Nigeria, Januari 1987, kikiitwa Umoja wa Wazalishaji wa Petroli Afrika (APPA). Waasisi wake walikuwa Algeria, Angola, Benin, Cameroon, Gabon, Jamhuri ya Kongo, Libya na Nigeria. Makao makuu yake yapo Brazzaville. Baadaye umoja huo ulifanyiwa mageuzi na kupewa jina la sasa la APPO, na idadi ya wanachama ikaongezeka hadi kuzihusisha nchi za kaskazini, magharibi, kati na kusini mwa bara. Tanzania, ambayo haijawa mzalishaji wa mafuta ghafi, haikuwa miongoni mwa waasisi hao.

Ni vyema msomaji akatofautisha APPO na OPEC. OPEC ni jumuiya ya dunia inayoratibu viwango vya uzalishaji ili kuathiri bei. Baadhi ya nchi za Afrika ni wanachama wake, zikiwamo Libya iliyojiunga mwaka 1962, Algeria mwaka 1969 na Nigeria mwaka 1971. Angola ilijiunga mwaka 2007, lakini ilijitoa mwanzoni mwa mwaka 2024 baada ya kutokubaliana na kiwango cha uzalishaji ilichopangiwa. APPO haipangi viwango. Kazi yake ni kubadilishana utaalamu, kuandaa wataalamu, kuoanisha sera na kutafuta mitaji.

Suala la mitaji ndilo lililoupa umoja huo uzito mpya. Benki na mifuko mingi ya Ulaya ilipoanza kujiondoa katika miradi ya mafuta kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi, nchi za Afrika zilijikuta na akiba ardhini bila fedha za kuichimba. Juni 2024, APPO na Benki ya Afrika ya Uuzaji na Uagizaji Bidhaa (Afreximbank) zilitia saini mjini Cairo mkataba wa kuanzisha Benki ya Nishati ya Afrika. Mwezi uliofuata, Abuja ilichaguliwa kuwa makao makuu yake. Mtaji uliopangwa kuanzia ni dola za Marekani bilioni tano.

Mabomba na mipaka

Mbali na umoja huo mkubwa, zipo njia nyingine za ushirikiano ambazo zimeacha mafunzo ya kudumu.

Ya kwanza ni kugawana eneo la mpakani. Mwaka 2001, Nigeria na São Tomé na Príncipe zilitia saini mkataba wa kuendeleza kwa pamoja eneo la bahari lililokuwa na mgogoro, Nigeria ikipata asilimia 60 na jirani yake asilimia 40. Senegal na Mauritania nazo zilikubaliana mwaka 2018 kuendeleza kwa pamoja gesi ya mradi wa Grand Tortue Ahmeyim, ulio juu ya mpaka wao wa baharini, na uzalishaji ukaanza mwaka 2025. Mfano huu una maana kwa Tanzania, kwa kuwa Ziwa Tanganyika, ambalo nalo lina maeneo ya utafiti wa mafuta, linamilikiwa na nchi nne: Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia.

Ya pili ni kupitisha mafuta ya nchi isiyo na bahari katika ardhi ya jirani. Chad ilianza kuuza mafuta yake mwaka 2003 kupitia bomba la kilomita 1,070 linalopita Cameroon hadi baharini. Benki ya Dunia iliusaidia mradi huo kwa sharti kwamba sehemu kubwa ya mapato ielekezwe kwenye elimu, afya na maendeleo ya vijijini. Serikali ya Chad iliilegeza sheria hiyo baadaye, na mwaka 2008 benki hiyo ikajitoa. Mkataba uliandikwa vizuri, lakini usimamizi ulishindikana.

Sudan Kusini inatoa funzo chungu zaidi. Ilipopata uhuru mwaka 2011 ilichukua sehemu kubwa ya visima vya mafuta, lakini mabomba na bandari vilibaki Sudan. Mzozo wa ada ya kupitisha mafuta uliifanya Juba isimamishe uzalishaji Januari 2012 kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mwaka 2024, bomba lake kubwa lilipasuka ndani ya eneo la vita nchini Sudan, na mapato ya serikali yakaporomoka. Nchi inaweza kuwa na mafuta mengi na bado ikawa mateka wa njia ya kuyapitisha.

Afrika Mashariki

Tanzania ina historia ndefu katika ushirikiano wa aina hii kuliko inavyodhaniwa. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968 ili kuiokoa Zambia isitegemee njia za kusini zilizokuwa chini ya tawala za kibaguzi. Kwa miaka mingi lilisafirisha mafuta ghafi, na mwaka 2023 likabadilishwa ili lipeleke dizeli.

Mitambo ya kusafishia mafuta haikuwa na bahati hiyo. Mtambo wa TIPER wa Kigamboni, ulioanza kazi mwaka 1966 kwa ubia wa Tanzania na Italia, uliacha kusafisha mafuta mwaka 1999 na kubaki ghala. Ule wa Mombasa uliacha kusafisha mwaka 2013. Kwa hiyo nchi zote mbili zikawa zinaagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa.

Tangu mwaka 2003, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekuwa na Mkutano na Maonesho ya Petroli, ambao ulianzia Nairobi na kuzunguka katika nchi wanachama. Mkutano wa mwaka 2025 ulifanyika Dar es Salaam. Hapo ndipo wataalamu hubadilishana taarifa za miamba, na serikali hutangaza vitalu vyao kwa wawekezaji.

Lakini mradi uliobeba uzito kuliko yote ni Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki (EACOP). Uganda ilithibitisha kuwa na mafuta yenye tija kibiashara mwaka 2006 katika eneo la Ziwa Albert. Akiba yake inakadiriwa kuwa mapipa bilioni 6.5, ambapo takriban bilioni 1.4 ndiyo yanayoweza kuchimbwa. Awali ilidhaniwa kwamba bomba lingepita Kenya, ambayo nayo iligundua mafuta katika bonde la Lokichar, Turkana, mwaka 2012. Aprili 2016 Uganda ilichagua njia ya Tanzania. Mkataba wa nchi hizo mbili ulitiwa saini Mei 2017, na Agosti mwaka huo marais John Magufuli na Yoweri Museveni wakaweka jiwe la msingi Chongoleani, Tanga.

Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,443, kati ya hizo 1,147 zikiwa ndani ya Tanzania. Kwa kuwa mafuta ya Uganda ni mazito na huganda yakipoa, bomba linalazimika kupashwa joto njia nzima. Uwezo wake wa juu uliokadiriwa awali ulikuwa mapipa 216,000 kwa siku. Wanahisa ni TotalEnergies ya Ufaransa yenye asilimia 62, shirika la mafuta la Uganda (UNOC) asilimia 15, TPDC asilimia 15, na CNOOC ya China asilimia nane.

Ada ya kusafirisha iliyokubaliwa ni dola 12.77 kwa kila pipa. Bomba likisafirisha mapipa 216,000 kwa siku, hesabu hiyo ni sawa na takriban dola milioni 2.76 kwa siku. Ieleweke kwamba fedha hizo ni za kampuni ya bomba, ambayo kwanza italipa madeni na gharama za uendeshaji. Tanzania itanufaika kupitia hisa zake, kodi na ajira.

Mradi huo haukukosa upinzani. Mwaka 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuukosoa kwa sababu za mazingira na haki za wananchi waliohamishwa, na benki kadhaa za Magharibi zikakataa kuukopesha. Machi 2025 ilitangazwa awamu ya kwanza ya mkopo kutoka kwa taasisi zikiwamo Afreximbank, Standard Bank ya Afrika Kusini na KCB ya Uganda. Kwa maneno mengine, fedha za Kiafrika ziliziba sehemu ya pengo lililoachwa na wengine.

Simiyu inaingiaje?

EACOP haipiti Simiyu. Linapita katika mikoa minane ya Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Lakini njia yake inapita Igunga, Iramba na Mkalama, wilaya ambazo ziko karibu na Meatu na ambazo nazo zimo katika bonde la Eyasi-Wembere.

Ukaribu huo ndio unaolipa bonde hilo thamani ya pekee. Mafuta yanayogunduliwa mbali na bahari mara nyingi hukaa ardhini miaka mingi kwa sababu gharama ya kujenga bomba ni kubwa kuliko faida. Kenya ni shahidi: zaidi ya miaka kumi baada ya ugunduzi wa Lokichar, ilikuwa imesafirisha shehena ya majaribio tu, iliyobebwa kwa malori hadi Mombasa mwaka 2019. Eyasi-Wembere, kwa upande wake, lingekuwa na bomba mlangoni. Hata hivyo, nafasi ndani ya bomba hilo imepangwa kwa ajili ya mafuta ya Uganda, na kuruhusu mafuta mengine yapite kungehitaji makubaliano ya wanahisa na serikali zote mbili. Kwa hiyo ushirikiano wa Dodoma na Kampala una uzito hata kwa kijiji cha Meatu.

Ushirikiano huo una upande wa kitaalamu pia. Bonde la Eyasi-Wembere ni sehemu ya mfumo wa Bonde la Ufa, kama yalivyo mabonde ya Ziwa Albert na Lokichar. Wajiolojia wa Uganda waliojifunza kuisoma miamba ya Ziwa Albert wana ujuzi ambao Tanzania, yenye uzoefu zaidi wa gesi ya pwani na baharini, inauhitaji.

TPDC ilianza kwa kurusha ndege zenye vifaa vya kupima nguvu za uvutano na sumaku, kisha ikachoronga visima vifupi vya utafiti, kimoja kikiwa Meatu, ili kuisoma miamba. Baadaye ulifuata utafiti wa mitetemo, ambao hutuma mawimbi ardhini na kusikiliza yanavyorudi ili kuchora picha ya matabaka. Hatua zote hizo hutafuta mahali pa kuchimba. Uthibitisho wenyewe hupatikana kwa kisima kirefu pekee.

Subira ni muhimu hapa. Uganda ilichimba kisima chake cha kwanza cha utafiti mwaka 1938, lakini ugunduzi wenye tija ulikuja mwaka 2006, miaka 68 baadaye. Hata baada ya hapo, lengo la kuanza kuuza mafuta lilisogezwa mara kadhaa, likiwamo lile la mwaka 2025.

Bei ya petroli Bariadi

Swali la bei ndilo linalomgusa mwananchi moja kwa moja. Kila mwezi Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta kwa kila wilaya. Bei ya Bariadi huwa juu kuliko ya Dar es Salaam kwa sababu ya gharama ya kusafirisha mafuta kwa malori kutoka bandarini. Gharama hiyo humfikia mwenye trekta, mwenye bodaboda, mwenye lori la kubeba pamba na mwenye mashine ya kusaga.

Ugunduzi wa mafuta ghafi peke yake hauwezi kuiondoa gharama hiyo. Mafuta ghafi yakichimbwa Meatu na kupelekwa Tanga, yatapakiwa melini na kusafishwa nje. Petroli itaendelea kuja kwa meli na kuuzwa kwa bei ya dunia. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei hiyo, petroli nchini ilivuka shilingi 3,000 kwa lita na serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi.

Kinachoweza kubadili hali ni ushirikiano katika kusafisha na kununua. Tanzania tayari inaagiza mafuta kwa mfumo wa pamoja, ambao kampuni huunganisha mahitaji yao na kushindanisha wauzaji, badala ya kila moja kuleta meli ndogo. Uganda nayo Machi 2025 ilitia saini mkataba na kampuni ya Alpha MBM ya Falme za Kiarabu kwa ajili ya mtambo wa kusafishia mapipa 60,000 kwa siku huko Hoima. Mtambo huo ukijengwa, Kanda ya Ziwa itakuwa na chanzo cha mafuta kilicho karibu zaidi kuliko Ghuba ya Uajemi, endapo nchi hizo zitakubaliana juu ya biashara na usafirishaji.

Mambo ya kuzingatia

Matukio ya Mtwara ya mwaka 2013, ambapo wananchi walipinga kwa nguvu gesi kupelekwa Dar es Salaam na watu wakapoteza maisha, yalionyesha hatari ya kuwaacha wenyeji bila maelezo. Baada ya hapo, mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Petroli, sheria ya usimamizi wa mapato ya mafuta na gesi, na sheria ya uwazi katika sekta ya uziduaji. Sheria hizo zinampa mwananchi haki ya kujua kampuni imelipa nini na serikali imepokea nini.

Kwa wakazi wa Meatu, hilo lina maana ya mambo matatu. Kwanza, hakuna sababu ya kuuza mashamba kwa pupa kwa watu wanaodai kujua mahali mafuta yalipo. Ni vyema pia familia zikahakikisha umiliki wa ardhi yao umeandikwa, kwa kuwa fidia hulipwa kwa anayetambuliwa kisheria. Pili, vijana wanaotaka ajira wajue kwamba bomba na visima vinahitaji mafundi wa kuchomelea, madereva, wapimaji na wapishi kuliko wahandisi wa mafuta, na kwamba ajira nyingi huwa za muda wa ujenzi tu. Tatu, maji na mazingira. Mto Sibiti, Ziwa Eyasi, Ziwa Kitangiri na ardhi oevu ya Wembere ni tegemeo la wafugaji, wavuvi na Wahadzabe. Maji hayo yakichafuliwa, hasara yake haitaishia Simiyu.

Ushirikiano wa nchi za Afrika zenye mafuta umepiga hatua kubwa tangu mkutano wa Lagos wa mwaka 1987. Umezaa mabomba, mikataba ya mipaka na sasa benki. Kilichopungua mara nyingi ni mapato kumfikia mwananchi anayeishi juu ya rasilimali yenyewe. Wakulima wa Kanda ya Ziwa waliunda ushirika wao kwa sababu walitaka kuuona mzani kwa macho yao. Simiyu nayo, ikiwa siku moja itakuwa na mafuta, haina budi kudai haki hiyo hiyo: kuuona mzani, na kujua nani anausoma.